Jina la Riwaya Likifanana na la Kitabu cha Mwenzio

Mswada ulionifikia masika yaliyopita ulikuwa umeviringishwa kwa nailoni na kufungwa kamba ya katani, kwa sababu mwenyewe alitoka nao Urambo kwa basi na mvua ikamkuta kabla hajafika kwangu Isevya, mjini Tabora. Mwandishi wake ni mwalimu wa sekondari, kijana ambaye hajafikisha miaka 30, na riwaya yake ya kurasa 212 inasimulia msimu mmoja wa tumbaku: mkulima anabishana na mteuzi, yule anayepanga tumbaku kwa madaraja ya ubora, juu ya daraja alilopewa kwa mtumba wake mmoja, yaani furushi moja la tumbaku, chama cha msingi cha ushirika kinagawanyika pande mbili, na binti wa mkulima huyo anaposwa na karani wa upande wa pili. Ni kazi nzuri, yenye harufu ya bani, banda la kukaushia tumbaku, na kuni mbichi. Juu ya ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa zilizopigiwa mstari, alikuwa ameandika VUTA NIKUVUTE.

Tulipomaliza kuamkiana nilimwuliza kama anaifahamu riwaya ya Shafi Adam Shafi. "Mzee," akajibu huku akicheka, "mimi hiyo nimeifundisha." Kisha akajitetea kwa hoja tatu, ambazo bila shaka alizitunga ndani ya basi. Hoja ya kwanza ni kwamba kitabu cha Shafi kimeandikwa Vuta n'kuvute, kwa ritifaa, ilhali chake kina nikuvute kamili, kwa hiyo majina hayo si mamoja. Ya pili ni kwamba ile ni riwaya ya Zanzibar ya miaka ya 1950, chini ya Waingereza, na yake ni ya Urambo ya leo. Ya tatu ni kwamba vuta nikuvute ni usemi wa watu wote, tangu wabunge hadi wauza nyanya, na hakuna awezaye kuuwekea uzio. Hoja hizi tatu nimezisikia kwa karibu kila mwandishi chipukizi aliyeniletea mswada hapa Tabora, na inafaa kuzitenganisha, maana ya kwanza ni dhaifu, ya pili ina nusu ya ukweli, na ya tatu ni ya kweli mbele ya sheria lakini haimpeleki mwandishi anakotaka kwenda.

Tuanze na hiyo ya tatu, kwa sababu ndiyo inayowatia watu hofu bure au kuwapa ujasiri bure. Hakimiliki huku Bara inaongozwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo msimamizi wake ni COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003 na ofisi yake, COSOZA. Kinacholindwa ni kazi asilia ya mwandishi, yaani namna alivyolieleza jambo kwa maneno yake, kwa mpangilio wake, kwa wahusika aliowajenga mwenyewe. Wazo lenyewe halilindwi. Mtu yeyote anaweza kuandika riwaya ya mkulima anayedhulumiwa kwenye soko la tumbaku, na mwalimu wangu hana wa kumshitaki, ila akitokea aliyenakili sura zake. Jina la kitabu linakwama katika kipimo hicho kwa sababu ya ufupi wake: maneno mawili au matatu, hata yakichaguliwa kwa ustadi mkubwa kiasi gani, hayahesabiwi kuwa kazi ya uandishi inayojitegemea. Marekani wamelisema hili waziwazi katika kanuni za ofisi yao ya hakimiliki, kwamba majina ya watu na ya kazi, pamoja na kaulimbiu fupi, hayasajiliwi. Katika nchi zilizorithi mapokeo ya sheria ya Uingereza, yetu ikiwamo, msimamo huo umejengwa zaidi na hukumu za mahakama.

Hukumu mojawapo inahusu jambo lilelile lililomleta mwalimu huyu kwangu. Mwaka 1881, katika kesi ya Dick dhidi ya Yates, Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilitakiwa kuamua ugomvi wa riwaya mbili zilizochapishwa kwa mfululizo katika magazeti mawili tofauti, zote zikiitwa Splendid Misery. Ya pili ilikuwa ya Mary Elizabeth Braddon, mwandishi aliyekuwa na jina kubwa wakati huo, na mwenye haki za ile ya kwanza alidai kwamba jina lile ni mali yake. Ikabainika kwamba hata yeye hakuwa wa kwanza, kwani mwanzoni mwa karne hiyohiyo ilikuwapo riwaya nyingine yenye jina hilo, iliyokwisha kusahauliwa. Mahakama ikasema jina la kitabu kwa kawaida halina hakimiliki, na mdai akarudi mikono mitupu. Mwaka 1939 Baraza la Rufaa la London likarudia msimamo huo katika rufaa iliyotoka Kanada, ambayo ilihusu filamu iliyochukua jina la wimbo, na jina lenyewe lilikuwa refu kama sentensi nzima: The Man Who Broke the Bank at Monte Carlo. Majaji walikiri kwamba huenda siku moja likatokea jina lenye urefu na uzito wa kustahili ulinzi, lakini hilo la mwenye kuivunja benki hawakuliona kuwa limefika hapo.

Ukifikiri kidogo utaona kwa nini isingewezekana kuwa vinginevyo. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1994, unaagiza kwamba kazi ya mwandishi ilindwe maisha yake yote na angalau miaka 50 baada ya kifo chake. Kama jina nalo lingelindwa hivyo, aliyekiita kitabu chake Kisasi mwaka 1975 angekuwa amelifungia neno hilo mpaka wajukuu zetu wazeeke. Lugha yetu ingeumia kuliko nyingine nyingi, kwa sababu mwandishi wa Kiswahili hupenda kuchota jina katika methali, misemo na nahau ambazo kila mmoja anazo mdomoni. Euphrase Kezilahabi aliiita riwaya yake Dunia Uwanja wa Fujo mwaka 1975, na miaka mitano baadaye Said Ahmed Mohamed akatoa Dunia Mti Mkavu, kisha mwaka 2006 akatoa Dunia Yao. Mohamed Suleiman Mohamed aliandika Nyota ya Rehema, naye George Liwenga akaandika Nyota ya Huzuni. Sijawahi kumsikia msomaji aliyechukua kimojawapo cha vitabu hivyo akidhani ni kingine, wala hakuna aliyeambiwa ameiba. Mtindo wa kusema dunia ni kitu fulani ulikuwapo katika methali kabla ya uchapishaji kufika pwani, na kila mwandishi aliutumia kufungua mlango wa nyumba yake mwenyewe.

Majina ya watu wa historia nayo yako hivyohivyo. Hapa kwetu hakuna mwandishi wa kazi za kihistoria ambaye hajawahi kutamani kuandika juu ya Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, na John B. Kabeya alikwisha kutoa kitabu kiitwacho Mtemi Mirambo katika miaka ya 1960. Anayekuja leo na riwaya ya Mirambo haombi ruhusa ya kulitumia jina hilo kwa yeyote. Ana kazi nyingine tu, ya kuliongezea neno litakalomwambia msomaji kwamba hiki ni riwaya na si kile kitabu cha historia.

Kwa hiyo mwalimu wangu ana haki: hakimiliki haimzuii kuandika Vuta Nikuvute juu ya kitabu chake. Hata hivyo hakimiliki ni mlango mmoja tu wa nyumba ya sheria, na mara nyingi waandishi wakishauona uko wazi husahau kutazama mingine.

Mlango wa pili ni kosa la kuuza chako kwa sura ya cha mwenzako. Hili halimo katika sheria ya hakimiliki. Tumelirithi kutoka sheria ya kawaida ya Uingereza, ile iliyopokelewa kwetu kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na hulinda sifa ya biashara ya mtu badala ya maneno yake. Anayedai hapa anatakiwa kuthibitisha mambo matatu: kwamba kitu chake kimekwisha kujulikana na kuaminiwa na wanunuzi kwa jina au sura ile, kwamba mshitakiwa amefanya jambo linalowafanya wanunuzi hao wadhani kitu chake ni kile cha mdai, na kwamba mdai amepata hasara au yu karibu kuipata. Utaona mara moja kwamba kitabu kilichouza nakala 80 miaka 20 iliyopita na kusahauliwa hakiwezi kuvuka hatua ya kwanza, hata jina lake likichukuliwa herufi kwa herufi. Vuta n'kuvute ni jambo jingine. Ilichapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 1999, imesomwa na wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, na mwaka 2021 Amil Shivji akaitengenezea filamu. Ukilitaja jina hilo mbele ya mwalimu yeyote wa Kiswahili, yeye haoni mchezo wa kuvutana kamba. Anamwona Yasmini na Denge, wahusika wa Shafi.

Hapo ndipo hoja ya pili ya mwalimu, ile ya Zanzibar na Urambo, inapopata nusu yake ya ukweli. Maudhui tofauti, jina la mwandishi lililo wazi na jalada lisilofanana hupunguza sana uwezekano wa mtu kudanganyika, na mahakama hutazama kitu kizima kama mnunuzi anavyokiona, haichungulii maneno mawili peke yake. Lakini mnunuzi huona jalada kabla ya kuona Urambo. Nimewahi kuonyeshwa jalada la mwandishi mwingine ambaye, baada ya kuchagua jina linalokaribiana na la riwaya maarufu, alimwagiza msanii achore sura ya mwanamke kwa mkao uleule na rangi zilezile. Hilo ni kujitafutia balaa mara mbili, kwa sababu mchoro wa jalada, tofauti na jina, ni kazi ya sanaa yenye hakimiliki yake, na kufanana kwake ndiko kungekuwa ushahidi wa nia.

Mlango wa tatu ni alama ya biashara, inayosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, chini ya sheria ya mwaka 1986. Mkanganyiko mwingi wa watu huanzia hapa, kwa kuwa wamesikia kwamba fulani ameisajili riwaya yake. Alama ya biashara hutambulisha chanzo cha bidhaa, na jina la kitabu kimoja hutambulisha kitabu hicho tu. Ndiyo maana Marekani, kwa mfano, hawakubali kusajili jina la kazi moja pekee, ila hukubali jina la mfululizo wa vitabu, ambalo msomaji hulitumia kuutambua mkono wa mtoaji uleule. Mwenye mfululizo wa riwaya za upelelezi zinazotoka kila mwaka kwa jina moja la jumla ana kitu cha kulinda. Hata yeye asinyooshe mkono mbali mno. Mwaka 2018 mwandishi mmoja wa riwaya za mapenzi wa Marekani, Faleena Hopkins, alisajili neno cocky, ambalo ni neno la kawaida la Kiingereza la mtu mwenye majivuno, kwa kuwa lilikuwamo katika majina ya vitabu vya mfululizo wake, akaanza kuwaandikia waandishi wenzake wabadilishe majina ya vitabu vyao. Wenzake wakakataa, jaji wa New York akakataa kutoa amri aliyoiomba, na mwishowe mwenyewe akauachia usajili huo.

Nitaje kwa haraka kwamba si kila nchi imekaa upande wetu. Ufaransa hulilinda jina la kitabu kama kazi yenyewe iwapo lina ubunifu wa kutosha, na hata muda wa hakimiliki ukiisha haimruhusu mtu kulipachika kwenye kazi ya aina hiyohiyo ikiwa litawachanganya watu. Ujerumani jina la kazi lina ulinzi ndani ya sheria ya alama, na wachapishaji wana desturi ya kutangaza mapema jina wanalokusudia kulitumia ili kuweka nafasi. Mwandishi wa Tabora atayahitaji haya siku kitabu chake kikitafsiriwa, na siku hiyo mchapishaji wa huko ndiye atakayeyashughulikia.

Sheria tukishaiweka mahali pake, linabaki swali ambalo mimi naliona zito zaidi, nalo ni la msomaji. Karibu na soko kuu kuna duka la steshenari linalouza madaftari, kalamu, na vitabu vya kiada na ziada. Siku chache baada ya kuupokea mswada nilikuwa pale nikisubiri kutolewa kopi, na mwenye duka alikuwa akiagiza mzigo Dar es Salaam kwa simu. Alinionyesha ujumbe wake kabla hajautuma, akitaka nimhakikishie tahajia ya neno fulani. Uliandikwa hivi: "vuta nkuvute 20 takadini 15 kamusi 5 naomba leo na basi." Hapakuwa na jina la mwandishi, wala la mchapishaji, wala ritifaa. Upande wa pili wa simu ile kuna kijana wa stoo anayefungasha katoni 30 kwa siku, na kwake maneno hayo mawili yana maana moja tu. Riwaya ya mwalimu ikitoka kwa jina lile, mteja wa Tabora anayeitaka hasa atapewa ya Shafi, na mwanafunzi aliyetumwa kununua ya Shafi akipewa ya tumbaku kwa bahati mbaya atairudisha dukani kesho yake, pamoja na mzazi. Atakayeumia kwanza ni kitabu kipya. Kile cha zamani kina walimu, mitihani na filamu za kukielekeza. Kipya kina jina lake tu, na jina hilo linamwelekeza mtu kwingine.

Wakati mwingine mambo huenda kinyume. Mwandishi wa Kanada Emily Schultz alitoa riwaya iitwayo Joyland mwaka 2006, na mwaka 2013 Stephen King naye akatoa riwaya yenye jina hilohilo, ambayo mwanzoni haikutolewa kwa umbo la kielektroniki. Wasomaji walioitafuta mtandaoni wakaikuta ya Schultz, wakainunua, na baadhi yao wakaandika malalamiko kwamba King ameharibikiwa. Schultz akapata mapato ambayo hakuyatarajia, akayaandikia kwa ucheshi mkubwa jinsi alivyoyatumia. Ni kisa cha kufurahisha, lakini anayekitumia kama mkakati wa biashara asome tena sehemu ile ya malalamiko: mnunuzi aliyekosea njia hakusamehe kwa kuwa kitabu ni kizuri.

Mimi mwenyewe niliwahi kuipata adha hii, kwa namna ndogo ya mkoani. Nilichapisha kwa fedha zangu mkusanyiko wa hadithi fupi, nakala 300, na jina nililolichagua lilikuwa zuri hata nikajisifu nalo nyumbani kwa wiki nzima. Katoni zilipofika ndipo kijana aliyezishusha akaniambia kwamba anaipenda sana filamu hiyo. Sikuwa nimeisikia, ilikuwa ya Bongo Muvi, na ilikuwa imepita katika vibanda vyote vya kuonyeshea video mjini. Nakala zile ziliniwia nzito kwa miaka miwili, na wateja watatu, kwa nyakati tofauti, waliniuliza kama ninayo pia CD yake. Kisheria sikumkosea mtu, na mwenye filamu hakujua hata kama nipo.

Tangu hapo nimekuwa mkali katika kutafuta. Mwandishi wetu wa kawaida huandika jina lake katika Google mara moja, akiona kimya hujipongeza. Kiswahili hakitafutwi hivyo. Jina hili tu linaandikwa n'kuvute, nkuvute na nikuvute, na katalogi iliyohifadhi umbo moja inaweza isikuonyeshe mengine. Yapo pia maneno ambayo mmoja anayaunganisha na mwingine anayatenganisha, na herufi za r na l ambazo baadhi yetu wa bara hatuwezi kuziapia. Tafuta kila umbo, ukiliweka jina ndani ya alama za kunukuu, kisha ulitafute tena pamoja na neno riwaya, pamoja na neno filamu, na pamoja na neno wimbo. Pita YouTube. Ingia katika makundi ya WhatsApp na Facebook yanayotoa simulizi kwa sehemu, kwa sababu huko kuna riwaya zenye maelfu ya wasomaji ambazo hazijawahi kugusa karatasi, na wasomaji hao wanalijua jina kwa moyo. Kisha nenda maktaba ya mkoa ukaulize. Bodi ya Huduma za Maktaba ndiyo inayopokea nakala za vitabu vinavyochapishwa nchini, na ndiyo inayotoa ISBN, yaani namba za kutambulisha vitabu, zile zenye 9976 au 9987 baada ya tarakimu za mwanzo, ambazo ndizo alama ya Tanzania. Usiende ukidhani kwamba kupewa namba ni kuthibitishiwa jina. ISBN hutenganisha toleo na toleo; vitabu kumi vyenye jina moja vitapata namba kumi tofauti na hakuna atakayekuuliza. Kompyuta ya ghala itavitofautisha barabara, lakini mteja haendi dukani na namba ya tarakimu 13.

Mteja huenda na jina, na majina ya vitabu yanakaa kama majina ya mtaani kwetu. Ukiuliza Isevya nyumba ya Juma utaulizwa Juma yupi, na jibu liko tayari: Juma fundi baiskeli, Juma wa stesheni, Juma wa mama Asha. Kinachomtambulisha mtu si lile jina analochangia na wengine, bali kile kinacholifuata. Kitabu nacho kinaweza kubeba jina la kuchangia ikiwa kina kiambatisho chenye nguvu: mwandishi anayejulikana, jina dogo chini ya jina kubwa, au uwanja tofauti kabisa. Kitabu cha mapishi na riwaya vinaweza kuitwa Chumvi vyote viwili bila ugomvi. Riwaya mbili za Kiswahili zinazogombea rafu ileile ya shule ni kama Juma wawili wanaofanya kazi katika karakana moja ya baiskeli.

Hoja ya kwanza, ile ya ritifaa, sasa naweza kuimaliza kwa maneno machache. Kubadilisha herufi moja hakumsaidii aliyeogopa sheria, kwa sababu hakuhitaji kuogopa. Na hakumsaidii msomaji, kwa sababu sikio halisikii ritifaa. Kunafanya jambo moja tu: kunaonyesha kwamba mwandishi alijua kuna kitabu kingine. Kama ugomvi ungefika mbali, mabadiliko madogo kama hayo ndiyo yangesomwa mahakamani kwa sauti.

Kuna mwangwi wa makusudi ambao sitaki kuuchanganya na haya. Mwandishi anaweza kuligeuza jina la mkubwa ili kujibizana naye, kumdhihaki, au kumwonyesha heshima, na msomaji akalielewa tangu jaladani. Hiyo ni desturi ya malumbano, na washairi wetu wameiishi karne nyingi. Sharti lake ni kwamba kitabu chenyewe kijibu. Riwaya ya mwalimu haimjibu Shafi popote; haina habari naye. Ilichukua jina lake kwa sababu lilikuwa karibu.

Nilimweleza pia habari ya mkataba, ambayo wengi hawaisomi mpaka iwachome. Mikataba mingi ya uchapishaji humfanya mwandishi athibitishe kwamba kazi yake haigusi haki ya mtu mwingine, na ikitokea madai, gharama ni zake. Mikataba hiyohiyo mara nyingi humpa mchapishaji kauli ya mwisho juu ya jina. Mhariri makini angeliondoa Vuta Nikuvute siku ya kwanza, na mwandishi aliyelipenda jina lake angejikuta akipewa jingine na mtu asiyewahi kuliona bani. Afadhali alitafute mwenyewe.

Alirudi baada ya wiki mbili na majina matatu, yote yametoka ndani ya mswada, kama nilivyomwomba. La kwanza lilikuwa Moshi wa Bani. Tulipolitafuta kwenye simu yake tukapelekwa Kilimanjaro, mjini Moshi, kwa hoteli na nyumba za kupanga, na tukacheka mpaka mke wangu akaja kuuliza kuna nini. La pili, Daraja la Mwisho, lilinivutia kwa maana zake mbili, la tumbaku na la mto. Lakini lilizama katika habari za matokeo ya mitihani na za ujenzi wa madaraja, na kitabu kisichoonekana ni sawa na kilichofanana. La tatu lilikuwa Mtumba wa Kumi na Saba, na ndio ule mtumba ambao mteuzi anaushusha daraja katika sura ya pili na kuanzisha yote yanayofuata.

Nilimwambia kwamba msomaji wa Dar es Salaam atadhani ni nguo za mitumba za soko la Karume. Akasema na adhani hivyo, akifungua atakuta tumbaku. Tulitafuta kwa kila tahajia, pamoja na riwaya, filamu na wimbo, tukapata matangazo ya mashati na suruali na hakuna kitabu. Akachukua kalamu ya risasi, akalikata lile jina la zamani na kuandika hili jipya juu yake, kisha akaniuliza kama kumi na saba aiandike kwa tarakimu. Nikamwambia aiandike kwa maneno, kama mteja atakavyoitamka dukani.